Jinsi ya kuhesabu mamalia wa misitu ya tropiki: kuanzia swali hadi ripoti

Unaweza kutembea kutwa nzima katika msitu wa mvua na kurudi kambini bila kuona mamalia yeyote isipokuwa kima waliokurushia matawi. Hilo halithibitishi kwamba msitu ni mtupu. Kakakuona hutoka usiku, minde husimama kimya kichakani hadi upite, na chui alikuona mapema akakukwepa. Kwa hiyo kila njia ya kuhesabu mamalia wa tropiki imejengwa juu ya swali moja: kati ya wanyama waliopo, ni wangapi tu nimewaona? Asiyelijibu swali hilo ataleta namba, ila hatajua kama namba yenyewe inaeleza wanyama au inaeleza macho yake.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, askari wa wanyamapori, au kikundi cha kijiji kinachotunza msitu wake. Sitagusa kila njia iliyopo. Nitakaa zaidi kwenye kamera za mtego, yaani zinazojifyatua zenyewe mnyama anapopita, na mistari ya kutembea, yaani njia nyoofu unazopita ukihesabu wanyama, kwa sababu hizo ndizo ambazo watu wengi wanazimudu, na ndizo ambazo watu wengi wanazikosea.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Kuna maswali manne, na kila moja lina gharama zaidi ya lililotangulia. Spishi zipi zipo? Zinatumia sehemu gani ya msitu? Zinaongezeka au zinapungua mwaka hadi mwaka? Ziko ngapi kwa kila kilomita ya mraba?

Watu hupenda kurukia la nne kwa sababu linapendeza kwenye ripoti. Mimi nashauri ulikwepe mpaka uwe na sababu. Anayesimamia hifadhi anataka hasa kujua kama wanyama wanapungua, na hilo unaweza kulijibu kwa kufuatilia wanatumia sehemu gani ya msitu, bila kumhesabu hata mmoja. Hivyo ndivyo walivyofanya watafiti wa mtandao wa TEAM, waliotega kamera kwa utaratibu uleule katika hifadhi 15 za misitu ya tropiki barani Afrika, Amerika na Asia. Matokeo yao yalitoka mwaka 2016: kati ya makundi 511 ya mamalia na ndege wa ardhini (kila kundi ni spishi moja katika hifadhi moja), asilimia 22 yalikuwa yanapungua, asilimia 17 yanaongezeka, asilimia 22 hayajabadilika. Asilimia 39 iliyobaki haikuweza kusemewa lolote, maana wanyama hao walipigwa picha mara chache mno.

Iweke namba hiyo ya mwisho akilini unapopanga. Kazi iliyopangwa vizuri, yenye fedha na wataalamu, bado ilishindwa kusema lolote kuhusu zaidi ya theluthi moja ya makundi iliyoyafuatilia. Mnyama adimu anahitaji mpango wake mwenyewe. Usitegemee kumpata kwa bahati katika utafiti uliopangwa kwa ajili ya wanyama wote.

Hatua ya 2: Waulize wanaoujua msitu

Mwaka 1992 sayansi ilimjua saola, mnyama mkubwa wa milima ya Annam, kwa sababu watafiti waliona pembe zake kwenye nyumba za wawindaji huko Vu Quang, Vietnam. Kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe na Udzungwa nchini Tanzania, alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wamemtaja kwa jina kabla mtafiti yeyote hajamwona. Kwa hiyo kabla hujanunua kamera, kaa na wazee, wawindaji wa zamani, wapasuaji mbao na warina asali.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Mwache mtu aeleze mnyama kwanza: ukubwa, rangi, sauti, nyayo, anakula nini. Ndipo utoe picha. Kati ya picha hizo weka mnyama asiyeishi kabisa katika bara hilo. Akikuambia amemwona huyo pia, utajua anataka kukufurahisha, na majibu yake mengine utayapima kwa tahadhari. Usimuulize mtu kama yeye anawinda. Uliza watu wanaona nini siku hizi kulinganisha na zamani, na wapi.

Vibali vishughulikie mapema, kwa sababu huchukua muda kuliko unavyodhani: mamlaka ya utafiti, mamlaka ya wanyamapori, mwenye hifadhi na serikali ya kijiji. Kama utakusanya kinyesi, nywele au damu na kuvipeleka nje ya nchi, kwa spishi nyingi utahitaji pia kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini.

Hatua ya 3: Chagua njia kwa kumtazama mnyama

Mnyama ndiye anayechagua njia.

Kima, mbega na nyani wanaokaa mitini mchana huhesabiwa kwa kutembea mstari. Wale wa ardhini, kama funo, nguruwe mwitu, fungo, nguchiro na nungunungu, wanafaa kwa kamera za mtego. Wenye madoa au mistari, kama chui, jagwa na simbamarara, wanatambulika mmoja mmoja, hivyo kamera inaweza kukupa makadirio ya idadi yao. Huko India, Ullas Karanth alionyesha jambo hilo mwaka 1995 kwa simbamarara wa Nagarahole, na tangu hapo njia hiyo imekuwa ya kawaida. Katika rasi ya Malaysia karibu chui wote ni weusi, na watu walidhani hawawezi kutofautishwa. Watafiti walizilazimisha kamera zao zipige kwa mwanga wa infraredi hata mchana, na madoa yakajitokeza chini ya ule weusi.

Tembo wa msituni na sokwe huhesabiwa zaidi kwa alama wanazoacha: mavi kwa tembo, viota vya kulalia kwa sokwe. Hapo unahitaji namba mbili za ziada, yaani mnyama huacha alama ngapi kwa siku, na alama hudumu siku ngapi kabla ya kuoza. Hiyo ya pili hubadilika sana kwa mvua, kwa hiyo ipime mwenyewe katika msitu wako kwa kuweka alama kwenye vinyesi vipya na kuvirudia. Kuazima namba ya kuoza kutoka msitu mwingine ni njia ya haraka ya kuzidisha au kupunguza tembo mara mbili. Ni kwa kuhesabu mavi kwenye mistari ndiko ilikojulikana kwamba tembo wa msituni wa Afrika ya Kati walipungua kwa takribani asilimia 62 kati ya mwaka 2002 na 2011.

Panya na vichakuro wanahitaji mitego ya sanduku na ndoo za kufukia ardhini. Popo wanahitaji nyavu au vinasa sauti. Kazi zote mbili zina mafunzo yake na chanjo zake, kichaa cha mbwa kikiwa cha kwanza, na sitaziingilia hapa. Ipo pia njia inayonivutia sana: kukusanya ruba na kusoma DNA ya damu waliyonyonya. Katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki imeshawafichua wanyama ambao ni nadra kuonekana kwa macho.

Hatua ya 4: Chora gridi ukiwa bado mezani

Hapa ndipo utafiti mwingi hufia, na hufa kabla kamera ya kwanza haijafungwa.

Kishawishi ni kutega pale unapojua wanyama wapo: kwenye maji, kwenye chumvi, kwenye njia ya tembo. Utapata picha nzuri. Lakini sehemu hizo haziwakilishi msitu, na mwaka ujao kisima kikikauka picha zitapungua hata kama hakuna mnyama aliyekufa. Chora gridi juu ya ramani, anzia nukta iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha weka kituo kimoja katika kila chumba cha gridi. Utaratibu wa TEAM ulikuwa vituo 60 au zaidi, kimoja kwa kila kilomita ya mraba 1 au 2, kila kamera siku 30, wakati wa kiangazi. Kamera 60 si lazima. Ukiwa na 20, zitege kwa awamu tatu ndani ya msimu uleule.

Ukifika kwenye nukta ya GPS unaruhusiwa kusogea kidogo, tuseme ndani ya mita 50 au 100, kutafuta kijia cha wanyama, mradi ufanye hivyo kwenye kila kituo na uandike. Kinachokatazwa ni kuruka nukta kwa sababu iko bondeni na mguu umechoka. Kama imeangukia kwenye maporomoko, andika sababu na chukua nukta ya akiba uliyoichagua mapema.

Kwa chui na wenzake, kanuni inageuka. Hapo unataka kunasa wengi iwezekanavyo na kuwanasa tena, kwa hiyo tega kwenye barabara na njia kubwa, kamera mbili zikitazamana, kwa sababu madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Kila mnyama awe na kamera kadhaa ndani ya eneo la mizunguko yake. Kazi nzima iishe ndani ya miezi miwili au mitatu, la sivyo wengine watakuwa wamekufa na wageni wameingia, na hesabu itakuwa inachanganya wanyama wa vipindi viwili.

Hatua ya 5: Tega kamera

Kamera hizi hufyatuka zinapohisi joto linalotembea mbele ya mandhari yenye joto tofauti. Katika tropiki hilo ni tatizo. Adhuhuri, ardhi iliyopigwa na jua hukaribia joto la mwili wa mnyama, na kamera inaweza isimwone kabisa. Jani kubwa lililochomwa na jua nalo likipepea huifyatua kamera mara mamia. Kwa hiyo:

- Ifunge kwenye mti usioyumba, kimo cha goti, mita 2 hadi 3 kutoka kijiani. Kimo hicho humnasa nguruwe na pia nguchiro.
- Itazame kaskazini au kusini, isipigwe na jua la asubuhi na la jioni.
- Kata nyasi na majani yaliyo mbele yake tu. Ukifyeka uwanja, umebadilisha makazi unayoyapima.
- Hakikisha saa na tarehe. Kamera yenye mwaka usio sahihi ni hasara ambayo hutaigundua mpaka urudi.
- Pita mbele yake ukitambaa kwa miguu minne na uone kama inafyatuka. Wenzako watacheka. Fanya hivyo kwenye kila kituo.
- Piga picha ya karatasi yenye namba ya kituo na tarehe, wakati wa kutega na wakati wa kutegua.

Unyevu huua kamera nyingi kuliko wezi. Weka kifuko cha silika ndani, pakaa mafuta mepesi ya silikoni kwenye mpira wa mlango, na ziba matundu ambayo sisimizi watafanya mlango wa nyumba yao. Penye tembo tumia sanduku la chuma, na bado baadhi zitang'olewa.

Kamera itapiga picha za watu pia. Tangaza kijijini mapema kwamba zipo na ni za nini, na mkubaliane na wakubwa wa hifadhi, kwa maandishi, picha za watu zitafanywaje. Mtafiti anayegeuka kuwa jasusi bila kuwaambia watu hatapata mtu wa kumbebea mzigo mwaka unaofuata, na kamera zake zitaanza kupotea.

Hatua ya 6: Tembea mstari

Kata mistari iliyonyooka, 10 hadi 20 kwa uchache, isambae msitu mzima. Kata kidogo tu, kiasi cha kupita bila kelele, na uache siku kadhaa kabla ya kuanza ili wanyama waliokimbizwa na panga warudi. Anza alfajiri, tembea kama kilomita moja kwa saa, simama mara kwa mara kusikiliza, na usihesabu mvua inaponyesha.

Ukiona kundi, andika spishi, idadi, na umbali wa pembe mraba kutoka mstari hadi katikati ya kundi, pale lilipokuwa ulipoliona mara ya kwanza. Tumia kipimo cha leza. Macho hupenda kukadiria kwa makumi: kila kitu kinakuwa mita 10, 20 au 30.

Umbali huo ndio roho ya njia hii. Walio juu ya mstari unawaona wote, walio mbali unawakosa zaidi na zaidi, na kasi ya kupungua kwao inakuonyesha umekosa wangapi. Tuseme una mistari 12 ya kilomita 2.5, umeitembea mara 10 kila mmoja, jumla kilomita 300, na umeona makundi 72 ya mbega ndani ya mita 50 kila upande. Eneo ulilopitia ni 2 × 0.05 × 300, yaani kilomita za mraba 30. Ukigawanya moja kwa moja unapata makundi 2.4 kwa kilomita ya mraba. Lakini kama uchambuzi wa umbali unaonyesha uliona asilimia 60 tu ya waliokuwemo, jibu ni 72 ÷ (30 × 0.6), yaani makundi 4. Ili makadirio hayo yatulie unahitaji makundi 60 hadi 80 yaliyoonekana. Ukiwa na 15, usijidanganye kwa programu.

Ukitembea, rekodi pia vitanzi vya waya, maganda ya risasi, mashina yaliyokatwa na kambi za zamani. Katika hifadhi za saola huko Vietnam, doria ziling'oa zaidi ya vitanzi 100,000 katika miaka michache, na kwa kusoma ramani za mitego kama hizo unaweza kujua kwa nini mnyama fulani hayuko upande mmoja wa msitu. Mzoga usiuguse kwa mikono mitupu, hasa wa nyani, sokwe au popo. Ukiwa karibu na sokwe au gorila, kaa umbali wa mita 10 au zaidi, vaa barakoa, na ukiwa na mafua baki kambini, kwa sababu mafua yako yanaweza kuwaua.

Hatua ya 7: Geuza picha ziwe data

Kamera 60 kwa mwezi mmoja zinaweza kuleta picha makumi ya elfu, nyingi zikiwa tupu. Programu kama MegaDetector hutenga tupu na zenye mnyama, mtu au gari, na jukwaa la Wildlife Insights husaidia kutambua spishi. Zitumie, lakini jicho la mtu lipite kwa kila spishi adimu na kila jozi inayofanana. Swala wadogo wa msituni usiku, katika picha ya kijivu, huwapotosha hata wazoefu. Pale ambapo hujui, andika "hajulikani".

Nguruwe mmoja anayechimba mizizi mbele ya kamera kwa robo saa atakupa picha 200. Kawaida picha za spishi moja katika kituo kimoja zilizopishana chini ya dakika 30 au 60 huhesabiwa kuwa tukio moja.

Hatua ya 8: Kokotoa, na uwahesabu waliokukwepa

Usiishie kwenye idadi ya matukio kwa kila siku 100 za kamera. Wengi huishia hapo na kuiita wingi wa wanyama. Mnyama anayetembea sana hupigwa picha nyingi, mdogo hupigwa chache, na hakuna kati ya hayo kinachosema wako wangapi.

Njia niliyoitaja mwanzoni, ya kutazama sehemu ya msitu inayotumika, iliwekwa sawa kitakwimu na MacKenzie na wenzake mwaka 2002. Gawanya siku 30 katika vipindi 5 vya siku 6. Kila kituo kinapata safu ya 0 na 1: alionekana au hakuonekana. Chukulia funo ana uwezekano wa 0.2 wa kupigwa picha katika kipindi kimoja, kwenye kituo anachokitumia. Uwezekano wa kumkosa vipindi vyote vitano ni 0.8 mara yenyewe mara tano, yaani 0.33. Kwa hiyo ukimwona kwenye vituo 20 kati ya 60, vituo anavyovitumia ni 20 ÷ 0.67, karibu 30. Ni nusu ya msitu, ingawa macho yanasema theluthi.

Sasa angalia mwaka wa pili. Funo ni walewale, vituo 30 vilevile, lakini umenunua kamera za bei nafuu zisizohisi vizuri, na uwezekano umeshuka hadi 0.1. Utamwona kwenye vituo kama 12. Mwenye kuhesabu vituo peke yake ataandika kwamba funo wamepungua kwa asilimia 40, na mtu fulani atapewa lawama ya ujangili ambao haukuwepo. Ndiyo maana kamera, kimo, majira na muda visibadilike kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na vikibadilika, viingie kwenye modeli. Kifurushi cha unmarked katika R, programu ya takwimu, hufanya kazi hii bure.

Kwa wanyama wanaotambulika, hesabu ya msingi ni rahisi. Kama nusu ya kwanza ya utafiti ilinasa chui 10, nusu ya pili 9, na 6 kati yao walikuwemo katika zote mbili, makadirio ni 10 × 9 ÷ 6, yaani 15. Ugumu ni kujua hao 15 wanaishi kwenye kilomita ngapi, kwa sababu baadhi wamekatiza tu kwenye gridi yako wakitokea nje. Tumia modeli zinazozingatia mahali kila mnyama aliponaswa, kwa mfano kifurushi cha secr. Kugawanya 15 kwa eneo la gridi hukupa chui wengi kuliko waliopo.

Hatua ya 9: Andika ripoti mbili

Moja ni ya wataalamu, yenye makadirio na upana wa shaka yake. "Makundi 4, kati ya 2.9 na 5.5" ni taarifa, "makundi 4" peke yake haitoshi. Nyingine ni ya askari na wanakijiji, kurasa mbili na ramani, isemayo wanyama gani wametoweka upande gani na vitanzi vilikutwa wapi, isomwe mkutanoni na wao waiulize maswali.

Katika zote mbili, ficha mahali halisi walipo wanyama wanaotafutwa na majangili. Kwa kakakuona, taja bonde au wilaya tu, na ondoa pia taarifa za GPS zilizomo ndani ya faili za picha kabla hujazituma kwa mtu yeyote. Koodinati zenyewe zibaki kwa mamlaka ya hifadhi, pamoja na picha asili, aina ya kamera na mipangilio yake, tarehe za kila kituo na orodha ya nukta zilizorukwa, katika nakala mbili zilizohifadhiwa majengo tofauti. Atakayerudia sensa hii baada ya miaka mitano huenda asiwe wewe, na atahitaji kufunga kamera kwenye mti uleule.